Gluteni melini: kwa nini abiria wawili wenye siliaki hurudi na habari tofauti

Siku hizi kampuni za meli za kitalii hazikosi kutaja kwenye matangazo yao kwamba zina chakula kisicho na gluteni. Basi mtu mwenye ugonjwa wa siliaki akiuliza kama akate tiketi, hupewa majibu yasiyopatana hata kidogo. Mmoja humwambia hakuna pahala pa raha kama melini, kwamba unaletewa mpaka mkate wako na keki yako. Mwingine humwapia asithubutu, maana yeye alikaa chooni nusu ya safari huku bandari zikimpita dirishani.

Huenda wote wawili wanasema kweli, na huenda walisafiri kwa meli moja, wiki moja. Kilichowatenganisha ni mahali walipolia chakula ndani ya meli hiyo, mtu aliyewapakulia, na muda ambao jiko lilipewa kujiandaa. Ila hilo haliwezi kueleweka vizuri mpaka tujue kwanza ugonjwa wenyewe ukoje.

Ugonjwa gani huu

Gluteni ni protini zilizomo kwenye ngano, shayiri na rai, ile nafaka ya mikate myeusi. Ndizo zinazofanya unga uliokandwa uvutike na mkate uumuke bila kuanguka. Kwa watu walio wengi protini hizo hazina neno. Kwa mwenye siliaki, kinga ya mwili huziona kama adui, na katika kupambana nazo huujeruhi utumbo mwembamba wa mwili uleule inaoulinda.

Ukuta wa ndani wa utumbo huo umejaa vinyuzi vidogo mno ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula. Chukua mfano wa taulo. Likiwa jipya, nyuzi zake zimesimama na maji yanakauka mara moja. Likichakaa hadi nyuzi zote kuisha, unabaki na kitambaa kitupu kinachotelezesha maji mwilini. Utumbo wa mgonjwa anayeendelea kula gluteni huchakaa vivyo hivyo. Chakula kinapita, lakini madini ya chuma, kalsiamu na vitamini hazifyonzwi inavyotakiwa. Ndiyo maana mgonjwa mmoja ataharisha na kujaa gesi, na mwingine hatasikia chochote tumboni ila anapungukiwa damu kila anapopimwa, au mifupa yake inadhoofu kabla ya umri, au anatokwa na vipele vinavyowasha viwikoni na magotini.

Inakadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila 100 duniani ana siliaki, na wengi wao hawajui. Kuna vinasaba vinavyomweka mtu kwenye hatari, na karibu theluthi ya watu wanavyo, lakini ni wachache tu kati yao ambao ugonjwa huwatokea. Hupimwa kwa damu, kisha mara nyingi kwa kuchukua vipande vidogo vya utumbo. Anayeshuku kwamba anao asiache ngano kabla ya kupimwa, kwa sababu vipimo hivyo vinatafuta madhara ya gluteni, na mtu aliyeiacha kwa miezi anaweza kuambiwa hana ugonjwa ilhali anao.

Dawa yake hadi leo ni moja: kuacha gluteni maisha yote. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alikuwa ameanza kuishuku ngano tangu miaka ya 1930. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 nchi yake ilikumbwa na njaa ya vita, mkate ukaadimika, na watoto wenye siliaki wakapata nafuu wakati kila mtu mwingine akikonda. Mkate uliporudi, wakaugua tena. Aliandika matokeo yake mwaka 1950.

Sasa kuna watu wa aina tatu wanaochanganywa kila siku, na melini mkanganyiko huo una gharama. Wa kwanza ni mwenye siliaki. Wa pili ni mwenye mzio wa ngano, ambaye mwili wake unaweza kuvimba na koo kuziba ndani ya dakika chache. Huyu anahitaji sindano ya adrenalini na daktari haraka, lakini shayiri na rai huenda zisimdhuru. Wa tatu hujisikia vibaya akila vyakula vya ngano ingawa vipimo vya siliaki na mzio havionyeshi kitu. Ongeza na wa nne, ambaye ameacha ngano kwa hiari tu, labda apunguze unene. Mhudumu wa meli husikia "sili gluteni" kutoka kwa watu hawa wote jioni moja, na hawezi kujua nani ni nani. Yule wa nne akimaliza kuagiza samaki bila mkate, halafu akaonja keki ya jirani mbele ya mhudumu huyohuyo, somo ambalo mhudumu amelipata ni kwamba haya mambo si makali sana. Kwa hiyo mwenye siliaki aseme waziwazi: nina ugonjwa, hata chembe inanidhuru. Kusema "napendelea bila gluteni" ni kujiweka kundi la nne.

Kidogo ni kiasi gani

Hapa ndipo ndugu na marafiki hugombana na mgonjwa. "Kipande kidogo tu hakiui." Kweli hakiui pale mezani. Lakini tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa zimeonyesha kwamba miligramu 50 za gluteni kila siku kwa miezi mitatu zinatosha kuanza kuharibu utumbo. Slesi moja ya mkate wa ngano ina gluteni kama gramu 2, yaani miligramu 2,000. Gawanya slesi hiyo vipande 40. Kipande kimoja, ambacho ni makombo yanayobaki kwenye sahani baada ya kifungua kinywa, ndicho hicho kiasi chenyewe.

Kipimo kinachotumika kimataifa, kile cha Codex Alimentarius, kinasema chakula kinaweza kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na isiyozidi miligramu 20 katika kila kilo. Marekani na Umoja wa Ulaya wanafuata kiwango hicho. Ni kiwango ambacho mgonjwa anaweza kukila kila siku bila kujikuta amevuka mpaka.

Kuna wanaojitetea kwamba wao hawana dalili, wakila gluteni hawaharishi, basi safari ya wiki moja haina shida. Dalili na madhara ni vitu viwili tofauti. Utumbo unaweza kuumia kimyakimya. Wengine hubeba vidonge vya vimeng'enya vinavyouzwa kwa madai ya kumeng'enya gluteni tumboni. Hakuna kidonge cha namna hiyo kilichothibitishwa kumkinga mgonjwa wa siliaki aliyekula mkate, na mimi ningekiacha dukani, kwa sababu kibaya chake kikubwa ni ujasiri kinaompa mtu.

Menyu inasema nini hasa

Alama ndogo pembeni ya jina la chakula ndiyo inayowapoteza wengi. Kuna menyu zinazoandika "bila gluteni". Nyingine huandika "haina viambato vyenye gluteni". Nyingine, "kinaweza kuandaliwa bila gluteni". Mtu mwenye njaa huzisoma zote tatu kama kitu kimoja.

Ya kwanza, ikiwa imeandikwa na mtu anayejua anachosema, inahusu chakula kilichofika mezani: kiwango cha gluteni ndani yake kiko chini ya mpaka. Ya pili inahusu mapishi tu. Wali hauna ngano, siagi haina ngano, basi chakula hakina. Kama mwiko uliokorogea umetoka kwenye sufuria ya tambi, hilo alama haikuahidi. Ya tatu ndiyo hatari zaidi, maana inasema kwamba chakula *chenyewe kilivyo kina gluteni*, na kwamba jiko litakuandalia kingine ukiomba. Ukikionyesha kwa kidole bila kueleza kitu, utaletewa kile cha kawaida, na hakuna aliyekosea.

Je, sheria haiwabani? Inabana, ila si kama watu wanavyodhani. Kanuni ya Marekani ya neno "bila gluteni" iliandikwa kwa ajili ya vyakula vya paketi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka vyakula 14 vinavyoleta mzio, nafaka zenye gluteni zikiwemo, vitajwe hata kwa chakula kisichofungwa, na inazihusu huduma za chakula kwenye vyombo vya usafiri pale safari inapoanzia ndani ya nchi wanachama. Nje ya hapo, meli nyingi za kitalii zimesajiliwa Bahamas, Panama, Bermuda au Malta na huogelea kwenye maji ya nchi nyingi. Kwa vitendo, kinachokulinda ni utaratibu wa kampuni yenyewe na umakini wa watu wa jikoni. Iulize kampuni maswali yanayojibika: je, kuna meza au kona ya kuandalia chakula cha wenye mzio peke yake? Kuna karai la mafuta lisiloingia kitu cha ngano? Jibu la "tunawahudumia abiria wenye mahitaji yote" si jibu.

Ndani ya jiko la meli

Meli ya kitalii ya leo inaweza kuwa kubwa kuliko mji mdogo. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii mwaka 2024, inaweza kuchukua abiria zaidi ya 7,000 bila kuhesabu wafanyakazi. Watu hao wanakula asubuhi, mchana, jioni, na katikati wanadokoa. Jiko la namna hiyo hugawanywa: huku nyama, huku samaki, huku saladi, kule mikate na keki. Chakula chako kinaweza kugusa mikono ya watu watano kabla hujakiona.

Faida ya ukubwa huo ni kwamba jiko lina wapishi wa kutosha, akiba kubwa, na taratibu zilizoandikwa. Ukitoa taarifa mapema, kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha mkate usio na gluteni umepakiwa. Hasara yake ni kwamba baada ya kung'oa nanga hakuna pa kwenda kununua. Meli kwa kawaida hupakia chakula kwenye bandari inayoanzia safari, na mkate wako ukiisha siku ya nne, umeisha. Hii ndiyo sababu kampuni hutaka kujulishwa wiki kadhaa kabla, wengine mwezi au zaidi. Taarifa hiyo hutolewa kwa fomu au barua pepe, na ni vyema uhifadhi majibu yao kwenye simu, kwa sababu ukifika melini kuna uwezekano mkubwa mkuu wa wahudumu akawa hajaiona. Hilo halimaanishi haikufika. Mkate huenda uko ghalani, ila mtu wa mezani hana habari.

Tuanze na mahali pabaya, kwa sababu ndipo kila mtu anapokimbilia siku ya kwanza: bafe.

Simama kando dakika tano uangalie. Kuna sinia la wali mweupe, na kando yake sinia la kuku aliyevingirishwa kwenye chenga za mkate. Mama mmoja anachota kuku kwa koleo, chenga mbili tatu zinaangukia wali. Nyuma yake mtoto amepoteza kijiko cha wali, anachukua cha tambi, anachota, anakirudisha palipo karibu. Pale kwenye saladi, vipande vya mkate uliokaushwa viko juu ya mboga, na mtu anaviondoa kwa uma kuvirudisha kwenye bakuli kwa kuwa hakuvitaka. Mpishi wa mayai anakaanga kiwanda cha mayai cha abiria wa mbele kwenye bamba lilelile ambalo dakika moja iliyopita liligeuziwa chapati za maji za unga wa ngano. Anafuta kwa kitambaa, anamwaga yai la anayefuata. Kila sinia limewekewa kibao sahihi. Wali kweli umepikwa bila gluteni. Ulipotoka jikoni ulikuwa salama, na uliharibiwa hapa, mbele ya macho ya watu wote, bila mtu yeyote kufanya kosa ambalo angelaumiwa.

Ukilazimika kula bafe, na siku ya kupanda meli mara nyingi utalazimika, usipange foleni. Mtafute msimamizi, mweleze, umwombe akuletee chakula kutoka jikoni kabla hakijawekwa hadharani. Wengi hukubali bila kinyongo. Uliza pia kama kuna ukumbi wa kulia chakula kwa kuhudumiwa mezani ulio wazi mchana huo. Meli nyingine hufungua mmoja na abiria wengi hawana habari.

Mahali pazuri ni pale ambapo abiria vijana hupaona pa kuchosha: ukumbi mkuu wa chakula, meza yenye namba, saa ileile, mhudumu yuleyule kila jioni. Chakula cha pale hupikwa kwa ratiba, na menyu ya kesho inajulikana leo. Baada ya kitindamlo, mkuu wa wahudumu anakuja na karatasi ya kesho. Unamwonyesha samaki wa kuoka. Anaangalia, anatikisa kichwa: sosi yake imetiwa unga wa ngano ili iwe nzito. Anarudi jikoni kuuliza, anakuja kukuambia watakupikia sosi ndogo pembeni kwa wanga wa mahindi, na viazi vyako vitaokwa badala ya kukaangwa. Anaandika namba ya meza. Kesho yake sahani inakuja peke yake, haikubebwa kwenye sinia moja na za wenzako, na anayeileta anataja kwamba ni ile ya bila gluteni. Asipotaja, uliza. Hata siku ya sita, hata kama mmeshazoeana na anakuita kwa jina. Mhudumu wako anaweza kuwa amepumzika jioni hiyo na wa leo hakujui.

Sahani ikija na kipande cha mkate juu, usikitoe ukala vilivyobaki. Irudishe, na useme kwa upole kwamba unahitaji sahani mpya kabisa, si hiyohiyo iliyoondolewa mkate.

Migahawa midogo ya kulipia haifanani. Ule wa nyama za kuchoma kwa kawaida ni rahisi: nyama, kiazi, mboga. Ule wa vyakula vya China na Japani unaonekana rahisi kwa sababu ya wali, kumbe sosi ya soya ya kawaida hutengenezwa kwa ngano, na ile nyama ya kaa ya kuigiza mara nyingi ina wanga wa ngano. Penye pitsa unga huruka hewani, hivyo hata kitako cha pitsa kisicho na gluteni kikiokwa kwenye oveni moja na nyingine ni kamari. Chakula cha kuletewa chumbani usiku nacho hakipitii kwa mhudumu anayekujua. Supu ni jambo la kuuliza kila mara, kwa sababu ya unga na vidonge vya supu. Bia ni shayiri, na hata zile zinazosemekana kuondolewa gluteni zimeanzia kwenye shayiri, wakati vipimo vya kawaida havipimi vizuri vinywaji vilivyochachushwa. Divai na pombe kali zilizokenekwa ni afadhali.

Tosta, karai na maji ya tambi

Watu huogopa vitu visivyo sawa. Tosta ya pamoja imepewa sifa mbaya kuliko inavyostahili. Watafiti wa Marekani walipojaribu, mwaka 2020, kuchoma mkate usio na gluteni kwenye tosta zilizochomewa mkate wa kawaida, waliukuta bado uko chini ya mpaka wa miligramu 20 kwa kilo. Ni jaribio dogo, na mimi bado ningeomba mkate wangu uchomwe kwenye oveni juu ya karatasi ya foili, lakini si jambo la kukosesha mtu usingizi. Katika jaribio hilohilo, tambi zisizo na gluteni zilizochemshwa kwenye maji yaliyotumika kwa tambi za ngano zilivuka mpaka, nyingine mara kadhaa. Jiko la mgahawa lina sufuria kubwa la maji yanayochemka mchana kutwa, na tambi za kila mtu huzamishwa humo ndani ya kikapu. Hakuna anayewaza kwamba maji ni kiambato. Swali la "mnazichemsha kwenye maji mapya?" lina thamani kuliko maswali kumi ya tosta.

Karai la mafuta ndilo la pili. Viazi havina gluteni. Mafuta hayana gluteni. Lakini mafuta yaleyale yamekaanga vitunguu vya unga na samaki wa chenga za mkate, na chembe zake zinaelea. Hapo utasikia kwamba moto umeua kila kitu. Gluteni si kijidudu, haiuawi. Nyuzi joto 180 zinazokaanga viazi zinaiacha na uwezo wake wa kumdhuru mgonjwa, na oveni pia, na friza pia. Dawa ya kuua vijidudu mikononi haiitoi vilevile, kwani haikutengenezwa kuosha kitu. Inayoondoka ni ile iliyooshwa kwa maji na sabuni na kusuguliwa.

Mchanganyiko mwingine wa majina: mkate wa "spelt", semolina, bulgur na kuskusi vyote ni ngano au vimetokana nayo, na neno "bila ngano" kwenye paketi halizuii shayiri kuwamo. Upande wa pili, mchele wa kunata hauna gluteni hata kidogo pamoja na kunata kwake. Oti zenyewe wagonjwa wengi huzivumilia, ila oti za kawaida huvunwa na kusafirishwa pamoja na ngano. Uji wa oti wa bafe uache.

Kuumwa tumbo mahali wanapoogopa tumbo

Hili halizungumzwi vya kutosha. Meli za kitalii zina hofu kubwa ya norovirusi, kirusi cha kuharisha na kutapika kinachosambaa haraka penye watu wengi. Kwa safari zinazoingia Marekani kutoka bandari za nje, programu ya usafi wa meli ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, hukagua vyombo vinavyobeba abiria 13 au zaidi na kuvipa alama hadi 100. Meli ikipata 85 au chini imefeli. Abiria hutazama alama hizo na kuamua kwamba meli yenye 98 itawafaa wenye siliaki. Shabaha ya programu hiyo ni magonjwa ya tumbo ya kuambukiza. Meli inaweza kung'aa na bado kuchemsha tambi zako kwenye maji ya jana.

Pale utakapokula gluteni kwa bahati mbaya na kutapika au kuharisha mara tatu ndani ya saa 24, kwa macho ya wahudumu wa afya wa meli wewe ni mgonjwa wa norovirusi mpaka ithibitike vinginevyo, na unaweza kutakiwa ubaki chumbani. Kishawishi ni kuficha. Usifiche, kwa sababu huna namna ya kujua mwenyewe kwamba safari hii si kirusi kweli, na kukificha ni kuwaambukiza wenzako. Kinachosaidia ni kuwa na barua ya daktari inayotaja siliaki na dalili zako za kawaida, na kuwaeleza kituo cha afya cha meli mapema ulichokula na saa uliyokula. Matibabu yenyewe ni maji, chumvichumvi na kupumzika. Hakuna kitu kinachoitoa gluteni ikishaingia. Bima ya safari nayo ielezwe kwamba una ugonjwa huu kabla ya kuondoka, la sivyo utakuta bili ya daktari wa baharini ni yako.

Kuna nafuu moja ya ajabu. Kukiwa na hofu ya norovirusi, meli nyingi huondoa vijiko mikononi mwa abiria na kuweka wahudumu wa kupakua bafe. Kwa mwenye siliaki hizo ndizo siku ambazo bafe hukaribia kuwa pa kula.

Sandukuni na bandarini

Kampuni nyingi huruhusu vyakula vya paketi iliyofungwa: biskuti zako, mkate, nafaka za asubuhi, karanga. Chakula ulichopika nyumbani hukataliwa. Usibebe kana kwamba unahamia porini. Beba vya siku ya kupanda, vya usiku njaa inapouma, na vya bandarini.

Bandarini ndiko ulinzi wote unakatika. Safari ya matembezi iliyouzwa melini hailishwi na jiko la meli. Chakula cha mchana ni cha mgahawa wa wenyeji wasiopata taarifa yoyote kukuhusu. Kadi iliyoandikwa kwa lugha ya nchi hiyo, inayoeleza kwamba huwezi kula ngano, shayiri wala rai, na kwamba hata mafuta na vyombo vya pamoja vinakudhuru, hufanya kazi kuliko kueleza kwa mikono. Kwenye visiwa binafsi vya kampuni za meli hali ni tofauti, kwani nyama ya kuchoma pale kwa kawaida inatoka melini. Muulize mkuu wa wahudumu jana yake akufungie sahani yako. Matunda, nyama na maziwa kutoka melini usishuke navyo. Nchi nyingi hukagua mifuko kwa ajili ya wadudu na magonjwa ya mifugo, na faini zake hazina huruma.

Asubuhi ya kushuka kwa mara ya mwisho husahaulika na karibu kila mtu. Kifungua kinywa kinaanza mapema kuliko kawaida, huduma ya chumbani mara nyingi imefungwa, ukumbi mkuu una watu wenye mabegi miguuni na wahudumu wanaowaza abiria wapya wa mchana. Utaratibu wa wiki nzima umevunjika, na abiria wengi waliokula salama siku zote huishia kwenye bafe wakisukumana. Agiza asubuhi hiyo usiku uliotangulia, kwa mhudumu yuleyule: mayai ya kuchemsha yakiwa na maganda yake, ndizi isiyomenywa, mkate wako uliofungwa. Ule kabla hujashuka, maana ndizi hiyo forodhani watakunyang'anya.